Chumba cha binti yangu Mji Mkongwe: ukuta wa mawe unamwaga rangi, fundi anataka simenti

MamaMkunazini

Assalaam alaykum wanajukwaa. Swali hili ni la wanaoishi au waliowahi kuishi kwenye nyumba za mawe, si za matofali. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila fundi ninayemwita kazoea nyumba za Fuoni na Mwanakwerekwe, na wote wananipa dawa ileile.

Tuko Mkunazini, nyumba ya mirathi ya babu. Chini kuna duka, sisi tuko ghorofa ya kwanza, juu yetu yuko ami yangu na mkewe. Binti yangu keshatimiza miaka sita. Mimi nimechoka kulala naye, na yeye kachoka kulala nami maana anasema nakoroma. Nataka kumpa chumba alichokuwa akilala marehemu bibi, ambacho tangu afariki kimekuwa stoo ya masufuria ya shughuli na majamvi.

Chumba chembamba, kirefu, boriti juu, vidaka vitatu (vishubaka vya ndani ya ukuta) upande wa kibla, dirisha moja la luva linaloangalia uchochoro. Ukuta wa nje ni mnene kiasi kwamba mtoto anakaa kwenye ukingo wa dirisha akakunja miguu yote miwili. Huo ndio ukuta wenye mashaka. Una rangi ya bluu ya mafuta iliyopakwa enzi za bibi, kabla mimi sijazaliwa. Kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno inavimba na kubanduka. Ukivuta, kinatoka kipande cha kiganja kizima, na nyuma yake kuna unga mweupe laini unaometameta. Binti yangu aliulamba kabla sijamuwahi, akaniangalia akasema, "Mama, ukuta umetiwa chumvi." Nami nikaonja. Kweli ni chumvi.

Halafu kuna pembe ya pili, juu, chini ya choo cha ami. Pale boriti mbili zinapoingia ukutani kuna duara la rangi ya chai, na likikauka linabaki na ukingo mweusi.

Fundi wa mwisho kaja na mita na simu. Anasema abandue ukuta wote, apige plasta ya simenti "nzito, isipitishe maji", aweke puti, rangi ya silki, vidaka azibe ili ukuta uwe sawa, na juu afunge silingi ya jipsamu yenye taa za kuzama ili "miti ile isionekane". Zaidi ya milioni mbili, vifaa vyangu. Binti yangu alisikia neno taa, sasa haniachi. Binamu yake Fuoni anayo silingi hiyo, ina taa za buluu.

Maswali yangu: simenti ndiyo au siyo? Kama siyo, ni nini? Na je, ukuta wa nyumba hizi unaweza kupata rangi ya waridi na nyota, ambayo ndiyo oda ya mwenye chumba? Uwezo wangu ni kama milioni moja, si zaidi, na sitaki kuziba vidaka. Bibi alikuwa akiweka msahafu, chetezo na bati la biskuti lenye sindano na nyuzi.

Kijana_Fuoni

Dada, usijichoshe. Mimi nimefanya chumba cha wanangu mwaka jana: vigae mpaka kiunoni, juu silki, silingi jipsamu. Mtoto akichora ukuta unafuta na kitambaa. Huo ukuta wa chini weka vigae tu, chumvi hutaiona tena. Hizo nyumba za mjini ni nzuri kwa watalii kupiga picha, lakini kulala ndani kunataka moyo.

MamaMkunazini

Kaka, nyumba yako ina umri gani? Ya kwetu babu yake babu aliikuta. Nakubali kwamba sitaiona chumvi. Nataka kujua itakwenda wapi.

MwashiMstaafu

Waalaykum salaam mwanangu. Swali lako la mwisho hapo juu ndilo ambalo fundi wako alipaswa kujiuliza. Itapanda. Ukiifunga kiunoni itakwenda kutokea kifuani, ukiifunga kifuani itatokea kwenye boriti. Nimefanya uashi Mji Mkongwe maisha yangu yote ya kazi, na kazi niliyoifanya kwa wingi ni kubandua simenti iliyopigwa na wenzangu.

Nikueleze ukuta wenyewe ulivyo. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi. Ndani si mgumu. Unanyonya maji kutoka chini na kutoka kwenye mvua, halafu unayatoa kidogo kidogo kwa upepo, ndani na nje. Plasta ya chokaa inayaruhusu yapite. Simenti hairuhusu, wala rangi ya mafuta ya marehemu bibi hairuhusu. Maji yakikwama nyuma, chumvi iliyomo ndani ya mawe inajikusanya palepale penye kizuizi, inakuwa chembe, chembe zinavimba, zinasukuma. Rangi ikaanza kuvimba. Simenti ikiwekwa haitatoka vipande vya kiganja; baada ya masika kadhaa itatoka ubao mzima na itaondoka na uso wa mawe. Sitaki ubao huo umuangukie mtoto kitandani.

Lakini ukuta si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni ile pembe ya juu, chini ya choo cha ami yako. Boriti za mkoko zikiwa kavu zinamaliza vizazi, mchwa mwenyewe anazikwepa. Zikilowa vichwa, pale zinapoingia ukutani, zinaoza ndani huku nje zinaonekana nzima. Na juu yake kuna sakafu ya mawe na chokaa, uzito wake usiuchezee. Sote tuliona Beit al Ajaib, nyumba ya Sultan Barghash ya 1883, ilivyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani kwenye ukarabati, na watu wakafa. Siingii kwenye sababu zake. Nasema tu kwamba nyumba hizi zikitaka kuanguka hazipigi hodi, na alama unazoziona wewe ndizo pekee utakazopewa. Fundi anayetaka kufunga jipsamu chini ya boriti zenye duara la maji anakufumba macho kwa pesa zako.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua msumari mrefu au kisu chembamba, panda ngazi, choma kila boriti karibu kabisa na ukuta. Mti mzima unakataa. Mti mbovu unapokea. Ukipokea zaidi ya kucha, usilaze mtu chumba kile mpaka aje mtu wa kuitazama. Halafu chora kwa penseli ukingo wa lile duara, mwambie ami asitumie choo kile kwa muda, atumie cha chini, uone duara linarudi nyuma au linasonga mbele.

Kwa ukuta wa chini, kata kipande cha nailoni, kibandike kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiyakuta upande wa chumba, basi ni joto na pumzi zenu tu, na dawa yake ni kufungua dirisha.

Toka na nje pia, uchochoroni. Tazama mlizamu, bomba la maji ya paa, unamwaga wapi. Tazama kama mwenye duka kapandisha simenti kwenye ukuta. Nakuhakikishia utakuta moja au yote mawili.

Na mwisho: usianze kubandua bila kwenda Mamlaka ya Mji Mkongwe. Hata kama ni ndani. Wapo tangu 1985 na wana wataalamu wa chokaa, waulize. Ushauri wao ni bora kuliko wangu wa mtandaoni. Mamlaka haitakukatalia kurudisha chokaa. Itakukatalia simenti, na katika hilo nipo upande wao.

Ummu_Kuze

Mwenzangu, mimi niko Mombasa, Mji wa Kale, mtaa wa Kuze. Mzee Mwashi kasema yote ya ukuta, nami simuongezi. Ila pale uliposema mtoto kalamba, nimeshtuka, na nashangaa hakuna aliyelisema.

Ile rangi ya mafuta ya zamani, ya bluu, ya kijani ya milango, ile nyekundu ya madirisha, nyingi ilikuwa na madini ya risasi. Marekani waliipiga marufuku majumbani 1978. Kwetu ilichelewa mno. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto, na watoto wadogo ndio huathirika akili na ukuaji. Chumvi yenyewe haina neno, ila vumbi la ile rangi lililochanganyika nayo. Mwambie daktari wa mtoto, umuulize kama yawezekana kumpima damu. Si kukutisha, ni kujitoa shaka.

Na fundi asipige msasa mkavu ukutani wala asichome rangi kwa moto. Alowanishe kwa maji, akwangue, vipande vianguke juu ya nailoni, vikunjwe vitupwe. Mtoto asiwe nyumbani siku hiyo, na matandiko yasiwe chumbani. Mukimaliza, pigeni deki kwa maji, musifagie. Madirisha na mlango pia, ikiwa rangi ni ya zamani hiyohiyo. Rangi mpya ukinunua, tazama kopo limeandikwa haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa ni sehemu 90 kwa milioni, si zaidi.

Sasa la raha. Mimi nina wavulana wawili chumba kama hicho chako. Chokaa ina ila moja: mtoto akiegemea anaamka na mgongo mweupe. Wangu walikuwa wakienda madrasa kanzu zimechapwa ukuta. Nilichofanya, nilinunua mikeka ya ukindu, mirefu ile ya kutandika barazani, nikaitundika kwa upana ubavuni mwa kitanda, kutoka godoro mpaka juu ya kichwa cha mtoto aliyekaa. Imetundikwa kwa kamba kwenye fito, haikugandamizwa ukutani, ili upepo upite nyuma. Kila mwezi naishusha, naipiga jua, narudisha. Ikichakaa nanunua mingine. Ni rahisi kuliko vigae, na wataka rangi gani ya ukili, utapata.

Kabati pia lisiguse ukuta wa nje. Acha nafasi ya mkono kupita. Mimi nililivuta langu siku moja, nyuma yake kuna kuvu jeusi, ndipo nikajua kikohozi cha mdogo chatoka wapi.

Vidaka usivizibe hata kwa dawa! Ndiyo rafu za vitabu, bila kununua ubao. Wangu wamegawana: kidaka cha magari, kidaka cha mkubwa ambacho mdogo haruhusiwi, na cha juu kabisa ni cha kwangu, nimeweka dawa.

BintiMalindi

Nawasoma kutoka Muscat, nimekulia Malindi ya Unguja, karibu na bandarini. Mamangu alifunga kiyoyozi kwenye chumba kama hicho, na paipu ya maji yake ikawa inadondokea ukutani nje, pole pole, mchana kutwa. Mwaka haukwisha ukuta ukaota majani. Ukifikiria kiyoyozi cha mtoto, paipu ile ipelekwe mpaka chini kwenye mfereji. Lakini kwa chumba chenye ukuta wa nusu mita, luva zikifunguliwa na pangaboi likizunguka, kwa kweli sioni haja. Mimi kiyoyozi ninacho hapa kwa lazima, na bado nikija likizo nalala vizuri zaidi kwa mama, baada ya kukizima.

MamaMkunazini

Shikamoo Mzee Mwashi. Dada wa Kuze, ahsante, na dada wa Muscat pia. Nimefanya yote mliyosema, na nina majibu.

Nailoni: matone yapo ndani, upande wa ukuta, mpaka mengine yakashuka yakajikusanya kwenye gundi chini. Kwa hiyo ni ukuta. Nikatoka uchochoroni. Mlizamu wa jirani unamwaga kwenye jiwe moja, na jiwe linarusha maji ukutani kwetu. Pale pana utando wa kijani. Na mwenye duka, kama Mzee alivyoagua, kapiga simenti mbele na ubavuni mpaka juu ya mlango ili aweke tangazo la simu. Chumvi ya binti yangu inaanzia inchi chache juu ya simenti yake ilipoishia. Nilisimama pale nikatamani kumwita yule fundi aje aangalie.

Jirani ni mtu mwema. Kakubali kuongeza kipande cha paipu kwenye mlizamu, nusu ya pesa yake nusu yangu. Mwenye duka ndiye kazi, maana ana mkataba na ami, si na mimi.

Boriti: niliogopa kupanda nikamwita mpwa wangu. Alichoma zote. Karibu zote zilikataa, msumari ulipinda. Moja, ile ya katikati ya duara, ilipokea kidogo, kama kucha hivi. Hakuna kilichoanguka. Hata hivyo masufuria nimeyatoa na mlango nimeufunga kwa kufuli, hakuna anayelala.

Choo cha ami ndiyo hadithi. Kumwambia mtu mzima wa umri wake ashuke ngazi usiku kwenda choo cha chini si jambo la mpwa kusema. Nilimpitia mkewe. Ami hakujibu kitu, lakini kesho yake nilimuona anashuka na kandili ya betri na ndala, kanyamaza, kama anakwenda msikitini alfajiri. Mstari wa penseli nilichora mwenyewe. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Halafu duara likaanza kujikunja, ukingo mweusi ukabaki nje na ndani yake pakawa pakavu, rangi ya karatasi. Ami alikuja mwenyewe kutazama, akaweka kidole juu ya mstari, akasema, "Basi choo changu ndicho kibaya." Sasa kakubali fundi bomba aingie. Inaelekea ni kiungo cha paipu chini ya bakuli, na sakafu pembeni ina ufa.

Mamlaka nilikwenda. Walinipa fomu na wakasema watamtuma mtu aje aone boriti ile kabla hatujagusa chochote. Yule dada wa kaunta, niliposema jipsamu, alifumba macho.

Binti yangu keshapimwa, majibu bado. Kwa sasa kaambiwa asiulambe ukuta wowote, wetu wala wa skuli.

Mzee, nina maswali mawili. Je, naweza kupata chokaa ya waridi? Na chokaa ya mfuko wa dukani inafaa, au lazima ile ya tanuu?

MwashiMstaafu

Marahaba mwanangu. Ami yako ni mtu muungwana, nisalimie.

Boriti iliyopokea kucha: fundi bomba amalize kwanza, iachwe ikauke kabisa, halafu ichomwe tena. Akija mtu wa Mamlaka mwache yeye aseme. Mara nyingi boriti moja inasaidiwa kwa kuwekewa pacha pembeni yake, haihitaji kung'oa dari. Usikubali kupakwa rangi ya mafuta juu yake, wala vanishi.

Chokaa ya mfuko inafaa. Iloweke kwenye pipa, maji yaipite juu, ifunike. Ikikaa wiki kadhaa inakuwa laini na inashika vizuri zaidi. Ya tanuu ni bora lakini siku hizi ni shida, na mbichi yake ina moto. Mtoto na macho yako viwe mbali. Hata ya mfuko, fundi avae miwani na glavu, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Chokaa ikiingia jichoni, suuza muda mrefu, kisha hospitali.

Plasta: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga wa shimo, si wa pwani, maana wa pwani una chumvi na hiyo tunayo ya kutosha. Tabaka jembamba, kama sentimita moja, uache lishike, ndipo la pili. Usilikaushe kwa pangaboi. Lirushiwe maji kwa wepesi asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Chokaa haikauki kama simenti, inavuta hewa polepole mpaka igeuke tena jiwe. Ukiiharakisha inapasuka nyufa za nywele. Mtu anayekwambia atamaliza plasta ya chokaa Ijumaa na kupaka rangi Jumamosi, mlipe nauli yake aende.

Na ule ukuta wa chini, usitarajie chumvi iishe mara moja. Itatoka kwenye plasta mpya kwa mwaka wa kwanza. Ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, maana maji yanairudisha ndani. Plasta pale ni ya kujitoa mhanga, ikichoka unaibandua mita moja ya chini unapiga nyingine. Mawe yanabaki salama.

Waridi ndiyo. Nenda duka la vifaa uombe oksaidi nyekundu ya unga, ileile ya sakafu nyekundu. Hiyo haichomwi na chokaa. Baadhi ya rangi nyingine za unga zinakufa haraka. Chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, oksaidi ianze na kijiko kidogo kwenye ndoo, uikoroge kwanza pembeni na maji ya moto. Ikiwa mbichi utaiona nyekundu ya kutisha, ikikauka inafifia sana. Jaribu nyuma ya mlango, subiri ikauke, ndipo uongeze. Koroga ndoo moja itoshe ukuta mzima, maana ndoo ya pili haifanani na ya kwanza kamwe. Tabaka nne nyembamba ni bora kuliko mbili nzito, na ukuta uwe na unyevu kila unapopaka.

Ummu_Kuze

Nyota: tafuta filamu ya eksirei ya zamani, kila nyumba ina moja mvunguni. Chora nyota, kata kwa wembe, ibandike, dabua kwa sponji kavukavu na chokaa nyeupe isiyo na oksaidi. Usilowanishe sponji, itachuruzika. Wangu walitaka meli, nikawakatia jahazi. Mwachie mtoto nyota zake mwenyewe za chini, atakapofika.

Kijana_Fuoni

Mzee Mwashi, nikuulize na mimi. Nyumba yangu ni ya matofali ya simenti, lakini bafuni kwa nje rangi inavimba vilevile. Chokaa itafaa?

MwashiMstaafu

Kijana, wewe tafuta paipu inayovuja kwanza. Fungua mada yako, nitakuja.

MamaMkunazini

Nimemwonesha binti yangu kipande cha nyuma ya mlango. Tumejaribu vipimo vitatu vya oksaidi. Cha kwanza alisema ni rangi ya plasta ya kidonda, cha pili ya samaki, cha tatu kakipitisha. Kuhusu taa, tumekubaliana: taa moja ya kusomea kitandani na moja ya betri kwenye kidaka cha katikati. Fundi umeme kasema nyaya zisichimbwe ukutani, atazipitisha juu ya ukuta kwenye tranki, kile kifuniko chembamba cha plastiki cha nyaya, na soketi ya zamani ya chini ataiondoa kabisa. Dirishani tunaweka fito za mbao za wima kwa ndani, kwa sababu ukingo ule ndio kiti chake tayari.

Kitu kimoja tu kimebaki. Chandarua. Ndoano ya zamani ya bibi iko kwenye boriti, lakini ni ileile iliyopokea msumari. Nipige ndoano mpya kwenye ya pembeni?

MwashiMstaafu

Usipige. Weka fremu ya chandarua kwenye kitanda chenyewe, nguzo nne. Fundi seremala yeyote atakutengenezea, na kitanda kikihama chandarua kinahama nacho. Boriti tuziache zibebe choo cha ami yako.